Uani na Jikoni: ukungu kabatini, fukusi kwenye kunde na mchicha wa masika

Masika ndo hiyo imeshaingia Tanga, wiki ya pili sasa kamba yangu ya nguo naiangalia tu imening'inia haina kazi. Barua za mwezi huu karibu zote zina maji ndani yake, na wengi wenu mmeuliza sasa jambo ambalo lilitakiwa lifanywe Januari kwenye lile jua la kaskazi, lakini ndo hivo, tutafanyaje.

*Shikamoo bibi. Nimepanga chumba Ngamiani, nyumba ya zamani. Nguo zangu kabatini zimeota ukungu, suti niliyonunua kwa ajili ya harusi ya kaka ina madoa kama ya unga na inanuka. Nilisikia siki inaondoa na Jik inaondoa, nikaona bora nichanganye vyote nifutie kabati, nikakohoa mpaka jirani akaja kugonga mlango. Nifanyeje? – Kijana wa kupanga*

Marahaba mwanangu, na huyo jirani mpelekee hata kashata. Dawa ya madoa yenye klorini, ile tunayoiita Jik hata kama chupa imeandikwa jina lingine, haichanganywi na siki wala ndimu wala kitu chochote kichachu, maana vikikutana inatoka hewa ya klorini na hiyo ni sumu ya mapafu kabisa, tena wewe ulikuwa chumbani na dirisha umefunga kwa ajili ya mvua. Haichanganywi pia na dawa za usafi zenye amonia. Ukitaka kutumia moja tumia moja, siku hiyo ishia hapo hapo.

Sasa suti. Itoe nje, hata kama ni barazani tu, jifunge kitambaa puani uipige brashi kavu ule unga utoke, usiipigie chumbani utakuwa unaupanda upya. Halafu siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya kitambaa, kamua sana, ufute taratibu ukianzia kwenye kola na kwapani, ila jaribu kwanza kwa ndani mahali pasipoonekana kama rangi inatoka. Ukungu ni kitu hai, unakula jasho na mafuta ya mwili, ndo mana utaona nguo iliyovaliwa mara moja ikarudishwa kabatini bila kufuliwa ndo inaanza kuota kabla ya zingine. Mie mwenyewe mwaka jana nilianua baibui mbio mbio mvua inakuja, nikashika mgongoni nikaona limekauka, nikakunja nikaweka. Kumbe pindo bado bichi. Siku ya Idi nalikunjua lina maduara maduara kama mtu kaninyunyizia unga wa muhogo, nikaenda na la kuazima ambalo lilikuwa linaburuza.

Kabati lenyewe lisogeze mbali na ukuta, shubiri moja inatosha, kuta za zamani hunyonya maji toka chini na kabati likibanana nao hewa haipiti. Futa mbao ndani kwa siki, acha milango wazi mpaka pakauke kabisa. Kisha chukua mkaa, mkaa wa kawaida tu wa jikoni, weka kwenye kifuu cha nazi au bakuli kuukuu chini ya nguo, unavuta unyevu na harufu, ila mkaa nao hushiba, kila likitoka jua kidogo utoe uuanike. Karafuu kwenye kitambaa ni nzuri kwa harufu lakini usidanganyike, karafuu haikaushi kitu, utapata ukungu unaonukia tu. Na mwenye nyumba akikubali, kiangazi ukuta huo upakwe chokaa badala ya rangi ya mafuta. Chokaa ni kali, ukungu hauiwezi, na inaacha ukuta upumue, rangi ya mafuta inafungia maji ndani mpaka inavimba malengelenge. Wazee walikuwa wanapaka chokaa kila mwaka sisi tukaona ushamba.

*Bi mkubwa habari za siku. Nilinunua kunde kilo kumi Mgandini zikiwa safi kabisa, miezi miwili tu zimetoboka zote na ndoo imejaa unga na fukusi. Nimeweka majani ya mwarobaini, wapi. Je zinalika? – Mama wa watatu, Pongwe*

Nzuri mwenzangu. Fukusi hao si kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo, wao wakishakuja wamekuja. Na hawakuingilia kwako, walikuja na kunde toka shambani. Mama fukusi anataga yai juu ya kunde ikiwa bado shambani, mtoto anatoboa anaingia ndani ya punje anakula huko huko, kwa hiyo uliponunua zilikuwa safi kwa nje tu. Zishike uangalie karibu na taa, utaona vidoa vyeupe vidogo kama kichwa cha pini vimeganda juu ya punje, hayo ndo mayai. Mwarobaini unasaidia kufukuza wa nje, ila aliyeko ndani ya punje haumfiki.

Ulizonazo, loweka, zinazoelea tupa, zilizozama osha upike leo na kesho, fukusi hawana sumu ni kinyaa tu. Lakini ukiona ukungu, hapo ni habari nyingine, tupa, na mahindi na karanga zenye ukungu hivyo hivyo, usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, hayakuwa mambo ya kuhadithiwa.

Za mwakani fanya hivi. Siku ya jua kali tandika nailoni nyeusi, mwaga kunde tabaka moja jembamba, funika na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, bana pembeni kwa mawe, ziache saa mbili za jua la utosi. Ndani humo panakuwa tanuri, mayai na watoto wote wanakufa. Zikipoa zijaze kwenye madumu ya maji ya kunywa ya lita 5 yaliyokauka kabisa, jaza mpaka shingoni uwe unagonga gonga chini zishuke, funga kifuniko kikaze. Hewa ikiisha mdudu hana pa kupumulia. Ujanja wa madumu madogo ni kwamba unafungua moja moja, ndoo kubwa unaifungua kila siku na hewa inaingia kila siku. Kama jua hakuna, kama sasa hivi, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kilo moja, zichanganye kwa mkono mpaka zing'ae, nayo inaua mayai.

*Dada, mchicha wangu nikipanda masika unasombwa, unaobaki una matundu matundu. Uwanja wetu ni mchanga mtupu. – Msomaji wa Sahare*

Mie mchicha wa masika siupendi kabisa, nakwambia ukweli. Mbegu zake kama vumbi, mvua moja tu zimeenda kwa jirani. Miezi hii chomeka matembele, vipande vya shubiri moja, hayo mvua ndo chakula chake, na mchicha urudie mvua zikipungua. Ukiung'ang'ania basi upande kwenye viroba, chini weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa na maji yake kumwagwa (makumbi mabichi yana chumvi), juu udongo na samadi ya mbuzi ya zamani, na uvifunike kwa makuti yaliyoinuliwa mpaka uote. Matundu ni viwavi. Twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, nyunyizia jioni maana jua linaimaliza nguvu, na mvua ikinyesha urudie. Osha mboga vizuri kabla ya kula, uchungu wa mwarobaini hausemeki.

*Bibi, achari yangu ya embe imeota utando wa kijani juu. Nikiutoa naweza kula ya chini? – Binti wa Chumbageni*

Hapana mwanangu, mwaga yote, ule wa kijani unaouona ni kichwa tu, mizizi imeshazama. Embe zako hazikukauka, zilitakiwa zikae juani na chumvi mpaka zinyauke na kingo zijikunje, na chupa ikaushwe nayo juani. Mafuta au siki ifunike embe zote, kipande kinachochungulia juu ndo kinachoanza. Na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, hapo nyumbani kwako kuna mtu anachovya kijiko chenye mchuzi, mtafute.