Maswali na Majibu: Miungu ya Lituania na nyoka wa nyumbani

SWALI: Bwana Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba Lituania ilikuwa nchi ya mwisho ya Ulaya kupokea ubatizo, na kwamba watu wake waliabudu nyoka. Nyanya yangu, Mshi wa Walungu, alitusimulia habari za Nyamuzinda, Mungu Mkuu wa Washi anayekaa mbali na watu, na Lyangombe, mkuu wa pepo. Ndiyo maana nauliza kama Walituania nao walikuwa na Mungu mmoja aliye juu ya wengine, na kama habari ya nyoka ni ya kweli au ni masingizio ya wamisionari. (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako alisema kweli, ila ubatizo wenyewe haukufanyika mara moja. Mfalme Mindaugas alibatizwa mwaka 1251, lakini wanahistoria wa nchi jirani waliandika kwamba aliendelea kuitolea miungu yake sadaka kwa siri. Ubatizo wa taifa ulikuja mwaka 1387 chini ya mtawala Jogaila, na Samogitia, upande wa magharibi, ikangoja hadi 1413.

Aliye juu anaitwa Dievas, naye anakaa mbinguni na kuonekana mara chache, jambo ambalo wajukuu wa Bushi, nchi ya Washi, hawatalishangaa. Anayefanya kazi ni Perkūnas, mwenye radi na mti wa mwaloni, anayemfukuza adui yake Velnias popote anapojificha, chini ya mti au nyuma ya jiwe, na kumpiga kwa umeme. Radi yake ya kwanza baada ya majira ya baridi ndiyo iliyoamsha ardhi, na kabla ya hapo watu waliogopa kuigusa kwa jembe.

Nyoka ni kweli. Anaitwa žaltys, ni nyoka wa majani asiye na sumu, na familia ilimwacha akae karibu na jiko na kumwekea maziwa, kwa kuwa kumwua kulileta balaa nyumbani. Mimi naona alikuwa mlinzi wa nyumba zaidi ya mungu, ingawa wageni waliomwona hawakujali tofauti hiyo. Mmoja wao, mtawa Jerome wa Praha, alihubiri huko mwanzoni mwa karne ya 15, na simulizi lake liliandikwa na Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius wa Pili. Jerome alipokwisha kukata misitu mitakatifu, wanawake walimwendea mtawala Vytautas wakilia kwamba wamenyang'anywa mahali walipozoea kumwomba Mungu jua na mvua. Na Vytautas, Mkristo mwenyewe, akamwamuru mtawa aondoke nchini.

Ndiyo sababu mimi huamini zaidi habari za jikoni kuliko orodha ndefu za miungu, kama ile ya Jan Łasicki ya mwaka 1615, yenye majina mengi ambayo hayapatikani kwingine. Gabija, moto wa nyumba, anajulikana vizuri kwa sababu akina mama waliendelea kumtunza kwa vizazi vingi baada ya ubatizo: usiku walifunika makaa kwa majivu kwa uangalifu huku wakimwomba alale kwa utulivu, wakamrushia chumvi kidogo kama chakula chake, na hapakuwa na ruhusa ya kuutemea moto mate. Žemyna, ambaye ni ardhi, alimwagiwa bia kabla ya watu kunywa.

SWALI: Nimesikia kuhusu Milda, mungu wa mapenzi. Je, aliabudiwa kweli? (Msomaji wa Himbi, Goma)

JIBU: Hakuna ushahidi wa zamani unaomtaja. Alivumishwa na mwanahistoria Teodor Narbutt katika karne ya 19, naye Narbutt alikuwa mwepesi wa kuongeza pale habari zilipopungua. Ukitaka mwanamke mwenye nguvu katika imani hiyo, soma habari za Laima, anayefika mtoto anapozaliwa na kumpangia bahati yake.