Swali la Msomaji: Kigae Nilichodhani ni Salama

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hucheza kwenye intaneti majongi ya Kijapani, mchezo wa vigae wa watu wanne ambamo kwa kawaida mshindi hukamilisha seti za vigae vitatu (mfuatano au vinavyofanana) na jozi moja. Juzi mpinzani mmoja alitangaza richi, yaani kwamba amebakiza kigae kimoja tu ashinde, kwa kutupa 5 ya mianzi, mojawapo ya aina za vigae vya namba. Kwa kuwa nimefundishwa kwamba 2, 5 na 8 huenda pamoja, nilitupa 2 ya mianzi bila wasiwasi, naye akashinda kwayo, nikalipa pointi 8,000 peke yangu. Mkononi nilikuwa pia na kigae kimoja cha upepo wa Kaskazini, na vingine viwili vilikwisha kutupwa mezani. Nilikosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu Msomaji, kanuni uliyofundishwa, iitwayo suji, ni ya kweli, ila haiahidi yote uliyoitarajia. Chimbuko lake ni sharti la furiteni: mchezaji ambaye kigae chochote anachokingoja kimo miongoni mwa vile alivyovitupa mwenyewe hawezi kushinda kwa kigae cha mwenzake, ingawa bado anaweza kushinda kwa atakachokiokota ukutani (kwenye safu ya vigae ambavyo havijachukuliwa). Ndiyo maana 5 ya mianzi ingekuwa salama kabisa dhidi yake, na ndiyo maana hakuweza kushika 3 na 4, ambazo hungoja 2 au 5, akakushinda kwa 2. Suji inaishia hapo. Haimzuii aliyeshika 1 na 3 akingoja 2 ya katikati, wala mwenye jozi ya 2 anayetafuta ya tatu, wala mwenye 2 moja anayetafuta mwenzake.

Tena, 5 hiyo ndiyo iliyolazwa ubavu kutangazia richi, na hilo lilipaswa kukushtua. Mwenye 1, 3 na 5 anaweza kutupa 1 angoje 4, au kutupa 5 angoje 2. Wajanja hutupa 5 kwa makusudi, kwa kuwa watu kama wewe (nami nilipoanza) huiona 2 kuwa haina madhara. 5 iliyotupwa mwanzoni kabisa mwa mchezo ingekuwa ushahidi mzito zaidi. Vilevile ungehesabu 3 za mianzi: kila kigae kipo mara 4 tu kati ya vigae 136, na kama zote nne ungeziona mezani na mkononi mwako, mtego wa 1 na 3 usingewezekana.

Kaskazini yako ndiyo iliyokuwa ya kutupwa. Miwili mezani na mmoja mkononi, ulibaki mmoja tu. Na kwa kuwa pepo haziundi mfuatano, ungeweza kukuumiza iwapo tu anaungoja ukamilishe jozi, au anakusanya ule mkono adimu wa yatima kumi na tatu (unaokusanya 1 na 9 za kila aina, pepo na majoka). Sijui ulikuwa unautunzia nini.

Baada ya kuutupa, ungetazama wapinzani wengine wawili, kwani kigae chochote walichokitupa baada ya richi, naye akakiacha kipite, huwa salama dhidi yake mpaka duru hiyo ya mchezo iishe.