Maswali na majibu: kingamwili ya BAG3 na bendi zinazowasumbua wasomaji

Safu ya leo nimeiachia kingamwili moja tu, ile ya utafiti inayotumika kutambua protini iitwayo BAG3 ndani ya seli. Kipimo chenyewe ni westani bloti: protini za seli hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, na pale kingamwili inaposhika huonekana mstari, yaani bendi. BAG3 hujishikiza kwenye HSP70, mojawapo ya protini walezi, ambazo maabarani tumezoea kuziita shaperoni, zinazozisaidia protini nyingine kujikunja ipasavyo. Ikishajishikiza, huisukuma HSP70 iachie protini iliyoishika.

Mwalimu, shikamoo. Kwa hesabu, BAG3 ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 61 hivi, lakini bendi yangu imetokea karibu na 75. Je, nimeuziwa kingamwili mbovu? (Mwanafunzi wa uzamili, Upanga)

Marahaba. Usiitupe. BAG3 ya binadamu ina amino asidi 575, na hesabu uliyoifanya ni sahihi, ila kwenye jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini) protini hii hutembea polepole na huonekana kati ya kilodaltoni 74 na 80. Ina eneo lenye amino asidi ya prolini kwa wingi, na protini za namna hiyo mara nyingi huchelewa njiani. Hata hivyo, bendi kutokea mahali panapotarajiwa bado si ushahidi kwamba ni BAG3, hasa ukikumbuka kwamba HSP70 yenyewe inakaa jirani kabisa. Ushahidi utaupata ukizipunguzia seli BAG3 kwa siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachozuia jeni isitoe protini yake), au ukitumia seli zilizoondolewa jeni hiyo, kisha ukaziendesha kwenye jeli moja na seli za kawaida: bendi ya kweli itafifia au kutoweka, na ile iliyobaki vilevile ni ya protini nyingine.

Seli zangu za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabarani) ambazo sikuzipasha joto zina BAG3 nyingi karibu sawa na zile nilizoziweka kwenye nyuzi 42. Kingamwili inanidanganya? (Msaidizi wa utafiti, Mlimani)

Huenda inasema kweli, na seli zako ndizo zenye siri. Kwanza, HeLa huwa na BAG3 hata zikiwa zimetulia, kwa hiyo usitegemee kuona jeli tupu. Pili, niambie seli hizo zilifikaje kwenye meza yako. Mimi mwenyewe, Februari moja, nilihamisha chupa sita za seli kutoka jengo moja hadi jingine kwa bajaji, foleni ikanikalisha juani pale Morocco, hapa Dar es Salaam, na nilipofungua boksi niliweza kuusikia umoto wa midia (maji ya kulishia seli) kwa kiganja. Chupa nilizokusudia ziwe za kulinganishia zikatoa bendi nene, nami nikapoteza wiki nzima nikiilaumu kingamwili. Seli ikipata joto, HSF1, protini inayoongoza itikio la joto, huamka na kuwasha jeni za protini walezi pamoja na ya BAG3, na haijali kama joto hilo lilipangwa au la. Ferruccio Ritossa, aliyeripoti itikio hili kwa nzi wa matunda mwaka 1962, alisimulia kwamba alilikuta kwa bahati baada ya mwenzake kupandisha joto la inkubeta.

Kwa hiyo ziache seli zipumzike kwenye nyuzi 37 angalau siku nzima baada ya safari, na uweke kipimajoto ndani ya inkubeta badala ya kuamini namba ya mlangoni. Zile unazozipasha kwa saa moja, zirudishe kwenye nyuzi 37 kwa saa kadhaa kabla ya kuzivuna, kwa sababu ukizivuna papo hapo protini yenyewe inakuwa haijajazana, na tofauti unayoitafuta haitaonekana.

Mzigo wangu wa kingamwili ulikaa ghalani siku nne na barafu yote ikayeyuka. Je, niagize mwingine? (Mtaalamu wa maabara, Ubungo)

Pima kwanza. Kingamwili za aina ya IgG ni ngumu kuliko tunavyodhani. Ilinganishe na chupa ya zamani kwa sampuli ileile. Kinachoziua zaidi ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, jambo ambalo umeme ukikatika hulifanya bila kutuomba ruhusa. Iliyo na gliserini nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Isiyo nayo igawe katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja.

Naweza kutumia maziwa ya unga ya dukani kuziba utando wa westani bloti, ili kingamwili isijishikize ovyo? (Mwanafunzi, Kigamboni)

Unaweza, mradi yawe yasiyo na mafuta, kwa asilimia 5, na yakorogwe siku hiyohiyo. Ukisoma katika maelekezo kwamba utando ukae “kwenye joto la chumba”, fahamu kwamba aliyeandika alimaanisha nyuzi 20 hadi 25, si chumba chetu cha mchana kisicho na kiyoyozi, ambamo maziwa huanza kuchacha. Afadhali uulaze utando kwenye friji usiku kucha. Na usitie sodiamu azidi (dawa ya kuzuia vijidudu) kwenye bafa ya kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza, ikiwa imebeba HRP, enzaimu inayoifanya bendi ionekane, kwa sababu huizima enzaimu hiyo.

Je, kingamwili hii inaweza kumpima mgonjwa wa moyo? (Muuguzi, Temeke)

Hapana, imetengenezwa kwa utafiti tu. Ni kweli kwamba mabadiliko katika jeni ya BAG3 husababisha aina mojawapo ya ugonjwa wa moyo kutanuka, lakini hayo hutafutwa kwa kusoma DNA ya mgonjwa.