Proxmox, au Debian ya kujipangia?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tudor imenunua kompyuta ya mtumba, ramu GB 32, na SSD mbili za GB 500. Tunataka iendeshe Windows ya hesabu, seva ya mafaili na kurekodi kamera nne. Niweke Proxmox, au nijipangie Debian na KVM?

JIBU: Wa aleikum salaam. Weka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Ndani yake mna Debian (aina ya Linux) na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) hizo hizo. Unachoongezewa ni ukurasa wa usimamizi kwenye poti 8006 na bekapu za ratiba. Ukijipangia, skripti zote utazijua peke yako, na siku umevuka Likoni kwenda harusini ofisi itakwama. Ingekuwa seva ya mafaili tu, bila Windows, ningekwambia Debian tupu yatosha.

Kwanza ingia BIOS uwashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (kwa AMD huandikwa SVM). Hamisha mafaili yaliyomo, maana kisakinishi hufuta diski nzima. Chagua ZFS RAID1 (ZFS ni mfumo wa kuhifadhi mafaili, RAID1 huandika kila kitu kwenye SSD zote mbili): SSD moja ikifa, kazi haisimami. Lakini faili likifutwa, linafutika kwenye zote mbili, kwa hivyo bekapu ziende kwenye mashine nyingine.

Usipolipia Proxmox, apt update (amri ya kusasisha orodha ya programu) italeta kosa 401, yaani huna ruhusa. Zima hazina ya enterprise (ya wanaolipia), washa pve-no-subscription (ya bure).

Panapowasumbua wengi ni Windows: kisakinishi chake hakioni diski yoyote, mtu akadhani SSD ni mbovu. Kinachokosekana ni draiva. Pachika ISO ya VirtIO (faili la CD lenye draiva za mashine pepe) kama CD ya pili, kisha pakia draiva kutoka folda ya vioscsi. Mpe Windows ramu GB 12, kontena (mashine pepe nyepesi) la mafaili GB 2, kamera GB 4. ZFS ibane kwa zfs_arc_max (kikomo cha ramu yake) isizidi GB 4. Zinazobaki ni akiba, usizigawe.

Kamera zisirekodi kwenye SSD hizo. Huandika usiku na mchana, na SSD za bei rahisi chini ya ZFS huchakaa upesi. Tafuta diski kuu ya TB 4, iwe ya kamera peke yake.

Umeme nao waujua. UPS iwe na waya wa USB, usakinishe NUT (programu inayosoma hali ya UPS) ili izime seva betri ikikaribia kuisha, na ndani ya Windows uweke QEMU Guest Agent, programu inayopokea amri za Proxmox kama ya kuzima. Bila hiyo Windows yaweza kuchelewa kuzimika, betri ikaisha hesabu zikiwa wazi.