Jibu: Miche ya mikorosho Gede, ni paa au ubwiri unga?
Salaam ndugu. Umeuliza kama machipukizi ya mikorosho yako hapo Gede yanamalizwa na paa wa msitu wa Arabuko-Sokoke au ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Anza na kidole: pangusa jani changa. Kikitoka na unga mweupe, huo ni ubwiri unga, na mara nyingi jani huwa limejikunja. Paa hana meno ya mbele juu, kwa hiyo huchana, na ncha ya kijiti hubaki na nyuzinyuzi. Imekatwa safi kama kwa wembe? Mshuku sungura. Tazama pia kwato mchangani asubuhi, kabla watoto hawajapita.

Kwa ubwiri unga, salfa sisi tunapuliza alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Kwa paa, ua wa miiba tu. Usitege mitego, ni kosa kisheria.