Kusugua ngozi: singo, sukari na yale madoa meusi

Mleta mada umeuliza mambo mawili: hii skrabu maana yake nini hasa, na kwa nini mashavu yako yametoka madoa baada ya wiki mbili za sukari na limao kila asubuhi.

Skrabu ni kuondoa ngozi iliyokwisha kufa. Ngozi huzaliwa chini ikapanda juu, na kwa mtu mzima safari hiyo huchukua karibu wiki 4. Ikifika juu ni magamba makavu yanayodondoka yenyewe. Yasipodondoka vizuri hurundikana, mwili ukapauka na mafuta yakakaa juu juu. Hapa Tanga tunalijua jambo hili kitambo kwa jina la kusinga. Mwangalie somo, yule mama anayemfunda mwari, anapomsinga bi harusi: chini ya kiganja chake hutoka vijinyuzi vya kijivu, kama vile vya ufutio kwenye daftari. Ni singo, yaani ule uji wa kusingia, iliyokauka ikishikana na magamba hayo.

Sasa madoa yako. Limao ni asidi kali mno kwa uso, na ukitoka nalo juani linaweza kuunguza. Chembe za sukari ya dukani zina ncha. Ngozi yetu nyeusi ikiumia, hata kwa mkwaruzo usiouona, humwaga rangi pale pale. Acha vyote viwili. Kaa wiki 4 bila kusugua uso. Tumia sabuni laini na kinga ya jua ya SPF 30. Madoa hufifia kwa miezi, si kwa siku. Na nakuomba sana, usiyakimbizie mkorogo, hizo krimu za kuchubua ngozi: humo mara nyingi mna zebaki au haidrokwinoni, na ngozi iliyokondeshwa na mkorogo haifai kusuguliwa kabisa.

Ukishapona, anza na singo nyepesi. Unga laini wa mchele uliochekechwa, vijiko 3 vya chakula. Liwa (mti wa manukato) iliyosagwa juu ya msio, jiwe la kusagia, kijiko 1. Kisha marashi (maji ya waridi) kidogo kidogo hadi upate uji unaoshika kidole bila kuchuruzika. Karafuu kwa mwili ni ncha ya kijiko cha chai tu, usoni usitie, inawasha. Jaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24.

Fanya jioni. Oga maji ya vuguvugu, paka, acha singo ikaribie kukauka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiacha ikakamaa, halafu wanaibandua kwa nguvu na ngozi nzima inavutika nayo. Lowesha ncha za vidole, zungusha taratibu dakika 1 kila sehemu. Usoni uzito uwe ule wa kumpaka mtoto mchanga mafuta. Magoti na visigino vinastahimili zaidi. Suuza, kausha kwa kugusagusa taulo, upake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini, ila mwenye chunusi asiyapake usoni.

Uso mara 1 kwa wiki, mwili mara 2. Joto na jasho la huku pwani huwadanganya watu wajisugue kila siku. Jasho huondolewa kwa maji na sabuni.

Chunusi zenye usaha usizisugue, utazipasua. Hapo inafaa asidi ya salisiliki ya asilimia 2 kutoka duka la dawa, ambayo huyalegeza magamba bila kukwaruza, lakini usiitumie siku moja na singo. Wanaosumbuliwa na vipele vya kunyoa wasugue siku moja kabla ya wembe, kamwe si baada yake.

Kama mwilini unasugulia dodoki, ujue likiachwa bichi bafuni huota ukungu. Likamue, lianike juani, na baada ya mwezi tafuta jingine.

Ngozi ikianza kung'aa kama nailoni, au mafuta uliyoyazoea yakaanza kukuchoma, umezidisha. Pumzika hadi mchomo uishe kabisa, ndipo urudie, tena mara 1 tu kwa wiki.