Unapima VEGF kwa watoto wenye malaria? Weka chini hizo tyubu nyekundu

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Umesema uko Kasulu, Jumatatu unaanza kutoa damu watoto 80, nusu wana malaria, nusu wazima, unaweka kwenye tyubu za kifuniko chekundu upate seramu (maji ya damu yanayobaki ikishaganda) ya kupima VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, kwa ELISA, kipimo ambacho rangi ikikolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Unauliza seti ya kampuni gani ni nzuri, uzimue mara ngapi, na kila sampuli iingie vishimo vingapi vya pleti. Hayo yasubiri. Shida yako ni hicho kifuniko chekundu.

Nilifanya hivyo hivyo hapa Kigoma, utafiti wa shahada ya pili. Siku ya kusoma pleti nilidondosha asidi, bluu ikageuka njano, na kwa macho tu nikaona vishimo vya watoto wazima vimekolea na vya wagonjwa vimepauka. Nikaandika sura nzima kwamba malaria inashusha VEGF. Mama mmoja wa maabara akaniuliza swali moja: "Mwanangu, chembe sahani zao zilikuwa ngapi?" Yaani zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Nikachomoa majibu ya picha kamili ya damu, kipimo kinachohesabu chembe zote, nikayapanga pembeni. Mtoto mwenye chembe sahani chache, VEGF ndogo. Mwenye nyingi, kubwa. Karibu mstari mzima.

VEGF imehifadhiwa ndani ya chembe sahani. Damu ikiganda kwenye tyubu, zinaimwaga kwenye seramu. Ndiyo maana seramu ya mtu mzima wa afya husoma mamia ya pikogramu kwa mililita wakati plazma yake, maji ya damu iliyozuiwa isigande, husoma makumi. Na malaria hushusha chembe sahani! Kwa hiyo nilichopima ni chembe sahani, kitu ambacho kipimo cha kawaida kilishaniambia kwa bei ndogo. Tena tyubu zangu nyingine ziliganda nusu saa, nyingine zikangoja mpaka mchana, na kadiri damu inavyokaa ndivyo inavyomwaga zaidi. Akina mama waliniamini na mikono ya watoto wao. Hilo bado linaniuma.

Aliyenipoteza ni muuza vifaa aliyeniambia "seramu na plazma zote sawa, hata karatasi ya maelekezo inaruhusu." Karatasi inasema kipimo kinafanya kazi kwenye zote mbili. Haisemi majibu yana maana moja! Msimamizi wangu naye alisaini bila kuuliza. Na mtu asinicheke, wengi humu mnazo seramu za namna hiyo kwenye friza sasa hivi.

Amua tyubu kabla sindano haijagusa mtoto. Chukua ya zambarau, yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Igeuze polepole, usiitikise. Weka kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha damu) ndani ya dakika 30. Nyonya plazma ya juu, acha kama nusu sentimita juu ya ule utando mweupe unaofunika chembe nyekundu, maana hapo ndipo chembe sahani zimelala. Hamishia kwenye tyubu safi, zungusha tena kwa kasi kubwa, 10,000 g dakika 10, kwenye ubaridi. Mara ya pili usiiruke hata foleni ikiwa ndefu, kwa sababu chembe sahani zilizobaki zitapasuka kwenye friza na utarudi kule kule kwangu. Gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha nyuzi -80, kila kimoja kiyeyuke mara moja tu. PDGF na TGF-beta 1, protini nyingine za ukuaji zinazokaa ndani ya chembe sahani, ni hivyo hivyo, ukiamua kuziongeza.

Na picha kamili ya damu ifanyike kwa kila mtoto, siku ile ile. Tyubu za zambarau kama hazipo hapo kituoni, sogeza Jumatatu mbele.